Mtoto Wako Amekua

Kushukuru ni kazi, msione watu wanatupa tupa asante ovyo. Katika shirika moja dogo la kutengeneza miguu ya bandia ya watoto, kazi hiyo ilikuwa ya mwanamke mmoja, na aliifanya kwa moyo mpaka watu wakalisahau jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita Bi Shukrani. Mtu akichangia asubuhi, jua halijazama ameshapata ujumbe wake. Si ule ujumbe wa "ndugu mfadhili, tumepokea mchango wako", huo alisema ni risiti iliyovaa tai. Yeye alimtaja mchangiaji kwa jina, akamwambia ni mtoto gani atasimama kwa ajili yake, na mtoto huyo anapenda nini. Na katika barua ya asante hakuomba tena hata senti. "Ukimshukuru mtu huku umekinga mkono," aliwaambia wenzake, "hujamshukuru, umemtega."

Kila barua ya asante ilikwenda na picha. Picha yenyewe ilipigwa siku ile ile mtoto anapovaa mguu kwa mara ya kwanza: amesimama wima kwenye ua wa karakana, mikono ameiachia, meno yote nje. Pale shirikani waliiita picha ya kusimama. Chini yake yaliandikwa maneno yale yale miaka nenda miaka rudi: "Asante. Mtoto wako amesimama." Mfadhili akiipokea, moyo unamtulia. Kazi imekwisha, huyu kasimama, tumsaidie mwingine. Hakuna mtoto aliyewahi kupigwa picha ya pili.

Sasa mtoto ni mtoto. Anakula, analala, anaamka sketi imekuwa fupi. Mguu wa bandia wenyewe hauli wala haulali, unabaki vile vile ulivyotoka mikononi mwa fundi. Baada ya mwaka, au mwaka na ushei, unapungua kimo na unabana kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki. Kila mtu shirikani alilijua hilo, kuanzia Mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, na hakuna aliyelisema, kwa kuwa hakuna aliyewauliza.

Bi Shukrani alilijua kuliko wote, maana alikuwa analala nalo nyumba moja. Dada yake alifariki katika ajali ya gari, na ajali hiyo hiyo ikamkata binti yake mguu chini ya goti. Tangu hapo binti alilelewa na mama yake mdogo. Shuleni walimwita Twiga kwa urefu wa shingo, naye akalipokea jina hilo kwa mikono miwili, kuliko wamwite lile jingine ambalo watoto huwaita wenye magongo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mdomo mkali, na mwaka huo ulikuwa wa mtihani.

Asubuhi moja Bi Shukrani alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda. Sare ameshavaa, mguu wa bandia ameulaza mapajani.

"Chai inapoa," alimwambia.

"Siendi, mama mdogo."

"Huendi wapi?"

"Shule. Si leo wala kesho. Huu mguu hauniingii tena, na ukiingia nauona moto."

Bi Shukrani alipiga magoti akakitazama kigutu. Upande mmoja kilikuwa kimechubuka mpaka kikawa chekundu, na alipokigusa kwa pamba Twiga alivuta pumzi. Fundi alikuwa ameshaurefusha ule mguu mara mbili. Kile kikombe ambacho kigutu hukaa ndani yake alikuwa amekipasha moto akakitanua, akakipasha tena, mpaka plastiki ikakataa. Hapakuwa na la kuongeza. Shule ilikuwa mbali ya kumchosha hata mwenye miguu miwili, na magongo yalimkata makwapa kabla hajafika nusu ya njia.

"Nikikosa huu mwaka," Twiga alisema, "nitarudia na watoto wadogo. Na nilivyo mrefu hivi watanidhani mwalimu."

Alisema kwa mzaha, lakini mwenyewe hakucheka. Uchungu ulimpanda Bi Shukrani, na nyuma ya uchungu ikaja hasira, kwani jana yake tu alikuwa mezani kwake akiandika "mtoto wako amesimama" mpaka vidole vikamuuma. Alikifunga kidonda, akamwachia Twiga chai na vitabu, akaenda kazini anatembea kama anayekwenda kugombana. Na kweli alikuwa anakwenda kugombana.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alivaa koti hata kwenye joto, na aliogopa simu isiyolia kuliko alivyoogopa mwizi, kwa sababu simu isiyolia maana yake wafadhili wamenyamaza. Bi Shukrani hakumpa nafasi hata ya kuketi.

"Mkurugenzi, naomba mguu wa pili."

"Wa nani?"

"Wa Twiga. Na wa wengine wote waliokwisha kukua."

"Fungu letu ni la mguu wa kwanza. Unalijua, wewe ndiye unayeliandikia wafadhili."

"Ndiyo maana nimekuja. Nataka kuwaandikia vingine."

Mkurugenzi aliinuka akafunga mlango. "Sikiliza, dada yangu. Mfadhili anapenda mwanzo. Anachangia harusi, ndoa hachangii. Ukimwambia mguu alioutoa haufai tena, atajiuliza fedha yake imekwenda wapi. Atasema tunatengeneza miguu mibovu."

"Si mibovu. Ni midogo."

"Kamweleze hayo mtu aliyeshika cheki. Halafu kuna jingine, nalisema kwa sababu lazima lisemwe. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Wa kwanza kupata mguu wa pili hapa awe mtoto wa dada yako? Watu watatuelewaje?"

Hilo lilimpata Bi Shukrani. Lilimpata kwa kuwa lilikuwa na ukweli, na ukweli ukitoka kwa mtu mwoga unauma maradufu.

"Basi awe wa mwisho," alisema. "Lakini foleni iwepo."

"Tutazungumza baada ya siku ya wafadhili. Jumamosi Mama Saruji anakuja, naomba mambo yaende salama."

Mama Saruji alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na kwa miaka mingi ndiye aliyeibeba karakana ile mgongoni. Mtoto mmoja mmoja, mguu mmoja mmoja. Bila yeye wangeshafunga milango na kugawana viti. Twiga mwenyewe alisimama kwa mchango wake, miaka mitatu iliyopita.

Bi Shukrani alitoka mle akaingia karakana. Fundi Miguu alikuwa anakwangua plasta, nayo imemfika mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na hakusubiri kuulizwa ili ajibu.

"Kama umekuja kwa habari ya kile kikombe, nimeshakwambia. Kimekwisha."

"Nimekuja kukuuliza wengine wako wapi. Wale wa kwenye picha zangu."

Fundi aliacha kukwangua. Akamwongoza hadi nyuma ya mashine, kwenye rafu ambayo Bi Shukrani alikuwa akipita mbele yake kila siku akidhani ni ya takataka. Ilikuwa imejaa miguu midogo iliyorudishwa na wazazi, wakitumaini itamfaa mtoto mwingine.

"Huu ni wa yule aliyekuwa anapiga mluzi. Huu wa yule mkorofi aliyeniuma kidole. Wengi wako kwenye magongo. Wengine wamekaa nyumbani. Huyu hapa, mama yake aliniambia amerudi kutambaa, na ana miaka tisa."

"Na hukusema!"

"Na wewe hukuandika."

Walitazamana, wakaona aibu wote wawili. Fundi akacheka kicheko kidogo kisicho na furaha, akasema kosa la watoto wale ni moja tu, walikula wakashiba. Bi Shukrani aliuchukua mguu mmoja kwenye rafu. Ulikuwa mwepesi, haukuzidi mkono wake kutoka kiwiko hadi kiganja. Kisigino kilikuwa kimelika upande mmoja kwa kukimbia.

Hapo ndipo alipojiona mjinga. Miaka yote hiyo walikuwa wakiificha habari ile utadhani wameiba, kumbe ni habari njema. Mtoto kakua! Ni mzazi gani huambiwa mwanao kakua, akasema ametapeliwa? Kosa halikuwa kwenye miguu. Kosa lilikuwa kwenye barua zake yeye, ambazo kila mara ziliishia siku ya kwanza na kumwacha mtoto amesimama uani, anacheka, hakui milele.

Jioni, wakimenya viazi, alimweleza Twiga alichokusudia. Siku ya wafadhili yeye hupewa nafasi ya kutoa shukrani, na safari hii ataitumia kusema ukweli. Atawaambia kuna mtoto fulani ambaye mguu umemwia mdogo.

"Mtoto fulani ndiye nani?" Twiga aliuliza.

"Sitaki kukutaja."

"Mtu akija kuniazima kalamu kwa ajili ya mtu fulani, simpi. Mama Saruji alinipa mimi. Acha niende nimwambie mimi."

"Sitaki uonyeshwe watu, mwanangu. Wewe si bidhaa ya dukani."

"Mbona mlinionyesha mliponipiga ile picha? Hakuna aliyeniuliza, mliniambia tu nicheke." Alitupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka. "Sasa naenda mwenyewe. Ila silii. Ukitaka wa kulia, katafute mwingine."

"Nani kakwambia ulie?"

"Matangazo ya kuomba michango yote nayajua, mtoto lazima alie na inzi amtue. Mimi nitaoga."

Bi Shukrani alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha alikubali, ingawa alijua anachokihatarisha. Akiharibu, si Twiga tu atakayekosa mguu. Watakosa wote, na karakana itafungwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki vilivishwa vitambaa vyeupe, watoto wapya walipangwa mstari wa mbele na miguu yao inayong'aa, na Mkurugenzi alikuwa amevaa koti jipya. Mama Saruji aliketi katikati, mfupi, mnene, miwani imening'inia kifuani. Wenye maduka, walimu wastaafu, madereva na wauguzi waliokuwa wakichanga kidogo kidogo walijaza viti vya nyuma. Mtoto mmoja akasimama, watu wakapiga makofi, kamera zikawaka. Kila kitu kilikwenda salama kama Mkurugenzi alivyoomba, mpaka alipoitwa Bi Shukrani.

Karatasi yake aliikunja akaitia mfukoni.

"Mama yangu," alimwambia Mama Saruji mbele ya wote, "pale dukani kwako, juu ya droo ya fedha, una picha."

"Ninayo," Mama Saruji alijibu, uso ukamchanua. "Kasichana kadogo, kana pengo hapa mbele. Kila fundi akiniudhi nakatazama hako."

"Ungependa kukaona leo?"

"Kako hapa?"

Mama Saruji aliinuka, akavaa miwani, akaanza kukatafuta kwenye ule mstari wa watoto wadogo. Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Twiga akaingia kwa magongo, begi mgongoni, kichwa juu, akaja kusimama mbele yake. Alikuwa amemzidi Mama Saruji kwa kichwa kizima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nipishe kidogo, namtafuta mtoto wangu."

"Ndiye mimi."

Watu walicheka. Mama Saruji hakucheka. Alimtazama juu, akamtazama chini, akarudi usoni.

"Pengo liko wapi?"

"Liliota jino."

"Na mguu?"

Twiga alifungua begi akautoa. Aliusimamisha sakafuni kando ya mguu wake mzima, akaushikilia kwa kidole. Ulipungua kwa kiganja kizima. "Nilikuwa naupenda," alisema. "Nilichezea mpira mpaka kisigino kikalika. Sasa umenipungukia kimo na kikombe kimenitia kidonda, na mwaka huu nina mtihani. Asante, mama. Ulinifaa sana. Ila nimekua."

Hakulia, kama alivyoahidi.

"Nani alikuwa analijua hili?" Mama Saruji aliuliza.

Mkurugenzi alikohoa. "Mama, hili ni jambo la kitaalamu kidogo, kama utaniruhusu..."

"Nimeuliza nani alikuwa analijua."

"Sote," Bi Shukrani alisema.

Mama Saruji alivua miwani. "Mimi nimezaa wanne. Nimenunua viatu vya shule kila mwaka, na kila mwaka vikawa vidogo. Mlidhani sijui kwamba watoto wanakua? Mmekaa mnanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mnaniletea picha mpya kila mwaka nifurahi, na wale wa zamani wamekaa nyumbani na vidonda!" Alichukua mkoba wake. "Mmeniona mimi mtoto kuliko hawa watoto."

Akatoka. Wakasikia mlango wa gari, kisha gari lenyewe likiondoka.

Wageni walipokwisha kutawanyika, Mkurugenzi alivua koti, jambo ambalo halijapata kuonekana. "Umetumaliza," alisema taratibu. "Umemwaga mtama kwenye kuku wengi. Kaa sasa hivi uandike barua ya kuomba radhi. Useme kulitokea kutoelewana."

"Siandiki hiyo."

"Nini?"

"Hapakuwa na kutoelewana, ametuelewa vizuri kabisa. Maji yakimwagika hayazoleki, Mkurugenzi. Kabla ya kesho habari hii itakuwa imefika kwa kila aliyewahi kutuchangia. Lililobaki ni moja, wasimuliwe na nani. Na sisi, au na majirani?"

Mkurugenzi aliketi kwenye kiti cha plastiki akashika tama. Alionekana mzee ghafla, na Bi Shukrani akamhurumia, lakini hakurudi nyuma. Mwishowe alisema, "Ukishindwa, meza yako nitampa mwingine."

"Nikishindwa hakutakuwa na meza," Bi Shukrani alijibu, akainua simu.

Alianza na wale wadogo, wale ambao ofisi ilikuwa ikiwakumbuka mwisho wa mwaka tu. Hakuwatumia ujumbe wa jumla. Alimpigia kila mmoja kwa sauti yake, na neno la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Mtoto wako amekua." Wako waliokata simu. Bwana mmoja alimtukana, akasema mashirika yote ni wizi mtupu. Bi Shukrani alimshukuru kwa kusikiliza, akaendelea na mwingine. Lakini dereva mmoja wa lori aliuliza kwa hamu, "Amekua mpaka wapi?" Na alipoambiwa, alipiga kelele akimwita mkewe aje asikie. Muuguzi mmoja alitaka kujua kama mtoto bado anapiga mluzi. Bi Shukrani hakujua, akaenda kuulizia kwa mzazi, akampigia tena kumjibu. Anapiga, na sasa anawaudhi majirani.

Alifanya hivyo Jumatatu, akafanya Jumanne. Sauti ilikauka, akanywa maji ya moto, akaendelea. Jumatano Mkurugenzi alikuja akasimama mlangoni akisikiliza, kisha bila kusema kitu akavuta kiti, akachukua simu ya pili. Mara ya kwanza alisema "mtoto wako amekua" kama anayetangaza msiba. Mara ya nne alikuwa anatabasamu.

Michango ilirudi, midogo midogo, lakini ikarudi. Ilitosha kuanzisha foleni. Fundi Miguu aliipanga mwenyewe kwa ukubwa wa vidonda na shida, asiangalie sura ya mtu, na wa kwanza akawa yule wa miaka tisa aliyerudi kutambaa. Twiga alikuwa wa nne. Fedha ziliishia kwa wa tatu.

"Si neno," Twiga alisema alipoambiwa, akageuzia uso ukutani.

Bi Shukrani alisimama pale akiutazama mgongo wake. Mama Saruji alikuwa hapokei simu, na bila yeye foleni ingesimama hapo hapo, na baada ya mwezi karakana nayo ingesimama. Basi Ijumaa alifunga kilemba chake vizuri akaenda mwenyewe dukani.

Duka lilijaa waashi na mafundi bomba. Mama Saruji alimwona tangu anaingia, akajifanya hajamwona. Aliwahudumia watu wote. Alijibu simu, akahesabu mabati, akamgombeza dereva kwa mifuko ya saruji iliyolowana. Bi Shukrani alisimama tu. Ukutani, juu ya droo ya fedha, palikuwa na msumari mtupu.

"Umekuja kuomba," Mama Saruji alisema hatimaye, hakuinua macho.

"Nimekuja kujibu. Uliuliza nani alikuwa analijua, nikajificha nyuma ya wenzangu. Nilikuwa nalijua mimi kuliko wote. Yule ni mtoto wa marehemu dada yangu. Namlea mimi, na kile kidonda nakiosha mimi."

Mama Saruji aliiweka kalamu chini. "Na hukuniambia."

"Niliogopa utachoka."

"Nilikwambia nimechoka?"

"Hapana, mama."

"Basi siku nikichoka, nitachoka mwenyewe. Usinichokee wewe."

Mama Saruji alimsogezea ndoo ya rangi iliyofungwa, akamwonyesha aketi.

"Haya. Niambie. Mpaka lini?"

Jibu rahisi lilikuwepo. Mpaka atimize miaka kumi na minane, mama. Lilikuwa jibu zuri, lina mwisho unaoonekana, na nusu yake ilikuwa kweli. Kwa miaka yote ya kazi yake Bi Shukrani alikuwa akiishi kwa majibu ya namna hiyo. Alipiga moyo konde.

"Karibu kila mwaka, mpaka aache kukua. Akishaacha, mguu nao unachakaa. Kikombe kinapasuka, kigutu kinabadilika, inabidi kutengeneza mwingine kila baada ya miaka michache. Ni maisha yake yote, mama. Yeye na wenzake."

Fundi bomba aliyekuwa anasubiri chenji alitazama pembeni. Mama Saruji alifuta miwani kwa upindo wa nguo, akaifuta tena.

"Maisha yake yote," alisema. "Unajua nina miaka mingapi?"

"Sijui, mama."

"Sabini na mmoja. Na daktari ananiambia moyo huu niupumzishe, nami sijui mtu anaupumzishaje akiwa na duka. Hayo maisha yake yote mimi sinayo."

Machozi yalimlenga Bi Shukrani. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Kwa hiyo tusidanganyane tena," Mama Saruji aliendelea. "Jumatatu akapimwe. Yeye na wote walio kwenye picha zangu, nitakwenda nao mpaka nitakapoishia. Lakini usikae ukingoja nife ndipo utafute wa kuwapokea. Anza leo."

"Nitaanza leo."

"Sikusema jioni."

Bi Shukrani alitoka nje. Hakwenda kituoni wala hakurudi ofisini. Aliketi kibarazani kwa Mama Saruji, kati ya matoroli na mabomba, juu ya mfuko wa saruji, asijali sketi. Akatoa simu akampigia mwalimu mmoja mstaafu, aliyechangia mara moja tu, zamani, akasahauliwa.

"Shikamoo, mwalimu. Leo siombi kitu. Kuna habari nataka kukueleza yote, isibaki hata nukta, na ni ndefu. Una nafasi?"

"Ndefu kiasi gani?" mwalimu aliuliza.

"Itatuzidi umri," Bi Shukrani alisema, "mimi na wewe."